Jiwe la Mholanzi wa Kiirua

Tangu turudi mmenisimamisha dukani, kanisani na sokoni mkiuliza swali moja: "Mlimpata?" Nimekuwa nikiwajibu nusunusu, kwa sababu mtu hawezi kukata sare za shule huku akisimulia habari za babu yake. Sasa nimeketi niandike yote mara moja. Msome, mpitishiane, kisha mniache nishone kwa amani.

Mama yangu, Rwamba, mnamjua. Ndiye yule mama mweupe ambaye watoto wa Runyenjes humwita Muthungu wakidhani hasikii. Anasikia. Mama yake, yaani nyanya yangu Igoki, alitoka Kiritiri kabla ya uhuru akaenda kuchuma pareto kule Buuri, upande wa Meru, na aliporudi alikuwa na mtoto wa rangi hiyo mgongoni. Kuhusu baba wa mtoto, nyanya alisema maneno machache tu mpaka akafa: kwamba alikuwa Mholanzi, kwamba alikuwa na mashine ya kupasua mbao juu ya Kiirua, na kwamba asithubutu mtu kumwita Kaburu. Watu wa huko walimwita Bwana Msumeno. Jina lake hasa nyanya hakuwahi kulitaja, na sisi hatukuuliza.

Desturi yetu mnaijua. Mwana wa kwanza huitwa jina la baba wa baba, wa pili huitwa la baba wa mama, na hivyo wazee hurudi nyumbani. Ndugu yangu wa pili alipozaliwa hapakuwa na jina la kumpa. Mama akamwazimia la mjomba. Sijawahi kumwona mama akililia umaskini wala ugonjwa, lakini nimemwona akinyamaza kila mara watu wanapombeba mtoto mchanga na kuuliza, "Na huyu ameitwa nani?" Moyo wake ulipoanza kumsumbua, daktari alimwambia apunguze chumvi na mawazo. Tulipotoka nje akaniambia, "Chumvi nitapunguza. Lakini siwezi kufika huko juu niulizwe mimi ni wa nani, nianze kukohoa. Nipeleke nikamtafute baba."

Alitaka vitu viwili, jina lake na mahali alipolala. Nikafunga duka.

Runyenjes hadi Kiritiri

Tulianzia kule chini Mbeere, kwa sababu ndiko alikobaki mtu wa mwisho aliyeishi na nyanya, Cucu Ngithi, mjane wa kaka yake. Safari yenyewe si ndefu, lakini siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, na maji yalikuwa yameshuka kwenye mkondo ambao kwa kawaida ni mchanga mtupu. Lori la mchanga lilikuwa limezama katikati, nasi sote tuliokuja nyuma yake tukakaa kuangalia vijana wakilichimbua kwa makoleo.

Mama mmoja muuza makaa alimpa mama kikapu chake akikalie. Akamtazama sana, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzungu wako anakula kunde?" Kabla sijajibu mama akasema kwa Kimbeere safi, "Nakula, na ukiwa na pilipili ulete." Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu, akafungua bakuli lake, tukala kunde na mahindi pale kando ya maji mpaka lori likatoka.

Tulifika kwa Cucu Ngithi jua limeinama. Alitupokea vizuri, akatutengea uji wa wimbi, lakini macho yake hayakuondoka kwenye lile begi kubwa nililobeba. Nilikuwa na blanketi la mama humo, na dawa zake. Mwisho hakuweza kuvumilia.

"Kwa hivyo wamekuja?" akauliza.

"Nani, cucu?"

"Wale Waholanzi. Si mmekuja kusema wametuma mbuzi?"

Ikabidi nimweleze kwamba hakuna aliyetuma kitu, na kwamba hatuwajui watu hao hata kwa jina. Alivunjika moyo waziwazi. Maskini, alikuwa amengoja mahari ya Igoki maisha yake yote.

"Basi huyu ni wetu," akasema, akimshika mama goti. "Hakulipiwa hata mguu ya mbuzi. Mtoto ambaye hakulipiwa ni wa boma ya mama yake. Unatafuta nini huko?"

"Namtafuta baba," mama akasema. "Kuwa wenu najua."

Cucu Ngithi alikunywa uji wake kwanza. Kisha akatuambia kitu ambacho mama alikuwa hajawahi kukisikia. Yule Mholanzi alikufa mama akiwa bado hajaanza kutembea, aliangukiwa na gogo pale pale kwenye mashine, akazikwa hukohuko. Miaka mingi baadaye, mama akiwa msichana mkubwa, Igoki alirudi Buuri mara moja peke yake. Aliporudi alisema ameliona jiwe. Lilikuwa limelazwa chini ya mahali palipokuwa mashine, karibu na kijito, nalo lilikuwa na maandishi. Alilishika kwa mkono, akarudi Kiritiri. Kusoma hakujua.

"Mbona hakuniambia?" mama akauliza. "Mimi nilikuwa najua kusoma."

"Aliogopa utaenda huko ukae," Cucu Ngithi akajibu. "Na angebaki na nani?"

Mimi nilifurahi, lazima niseme ukweli. Nilijiambia kwamba kazi imekwisha, jiwe lipo, tutasoma jina, tutalia kidogo, turudi nyumbani.

Njia ya Meru

Barabara ya kutoka kwetu kwenda Meru mnaifahamu, na zile kona za Nithi. Mama alifumba macho tangu kona ya kwanza akaanza kusali kwa sauti, na dereva akamwomba aombee na breki. Tukashuka Chuka apate hewa. Kijana wa ndizi akamkimbilia mbio na kichane. "Madam! Banana! Very sweet, madam, for you good price!" Hiyo bei nzuri ilikuwa mara tatu ya bei ninayoijua mimi. Mama akamjibu kwa Kiembu, akamuuliza kama mama yake anajua anavyowaibia wazee. Kijana aliona haya, akamwongezea ndizi mbili, akambebea mfuko mpaka garini. "Nisamehe, shosho. Nilidhani umetoka ng'ambo."

"Hata mimi huwa nadhani," mama akasema, na mimi nikacheka peke yangu, kwa sababu yeye hakuwa anatania.

Meru mjini

Habari za ofisi sitawachosha nazo. Tulikwenda hapa, tukatumwa pale, faili la shamba la Msumeno lilikuwa limehamishwa, au limepotea, au halikuwahi kuwapo, kutegemea nani yuko zamu. Kanisa moja, ambalo sitalitaja, lilikuwa na kitabu cha zamani cha ubatizo na mazishi. Binti wa ofisi alitutolea kwa heshima, akakipangusa vumbi kwa kitambaa, kisha akatuomba radhi kabla hata hajakifungua.

"Shosho, hii register iko incomplete. Mchwa iliingia kwa kabati. Tuliokoa tu ile tuliweza."

Mchwa walikuwa wameanza kula upande wa kulia. Majina ya ubatizo yalibaki na majina ya ukoo yakaliwa. Tulipata Waholanzi watatu waliozikwa huko Buuri katika miaka hiyo: Hendrik, Pieter na Kornelis. Mbele ya kila jina palikuwa na tundu. Hakuna palipoandikwa Msumeno, bila shaka. Watu wa kitabu walikuwa na majina yao, na watu wa shamba walikuwa na yao, na hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja.

Mama aliyajaribu yale majina jioni nzima kama mtu anayejaribu viatu dukani. "Rwamba wa Hendrik," alisema. "Rwamba wa Pita. Hapana, la Kornelis limenibana." Mmoja wa watu hao watatu alikuwa baba yake, na wengine wawili walikuwa wazungu tu. Jiwe ndilo lingetuambia ni nani.

Aliyetuonyesha njia alikuwa mfanyabiashara mmoja wa pale mjini, Mzee Abdi, ambaye ana malori ya kubeba mizigo. Tulikuwa tunakula pilau katika hoteli ya jirani yake, na mama, ambaye hana siri, alikuwa anamweleza mhudumu habari zote za Msumeno. Mzee Abdi akageuka kwenye meza yake.

"Samahani, mama. Umesema Msumeno? Marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa akimbebea mbao."

Mama aliweka kijiko chini. Akamuuliza jina la Msumeno lilikuwa nani. Mzee Abdi alitafuta kichwani kwa uaminifu kabisa, kisha akatikisa kichwa. "Wallahi sikuwahi kulisikia jingine. Kwa wachukuzi, jina la mtu ni kazi yake. Baba alisema alikuwa mtu mkimya, anayelipa siku aliyosema, na alikuwa akipenda maziwa mabichi. Basi."

Mnaona hapo? Kutoka Runyenjes hadi Meru, hayo ndiyo yote tuliyoyapata juu yake kama mtu. Mama aliomba ayarudie, naye akayarudia: mkimya, analipa, anapenda maziwa.

Mzee Abdi alituambia mahali. Shamba la mbao lilikuwa limegawiwa watu baada ya uhuru, na kipande cha karibu na kijito kilikuwa cha familia ya mtu anayeitwa Baba Kendi. Alitutafutia gari la kutupeleka, na tulipoagana akanivuta kando.

"Dada, sikiliza neno langu. Nendeni wawili tu. Pelekeni sukari, mnywe chai, mzungumze habari za mvua. Msiende na mkubwa yeyote."

Nikamshukuru. Moyoni nikasema, huyu ni mtu wa mjini, hajui adabu za vijijini. Kwetu mgeni haingii katika kijiji cha watu kuulizia makaburi bila kupitia kwa chifu. Nililelewa hivyo, na nilijivunia kulelewa hivyo.

Kiirua, mara ya kwanza

Kiirua kuna baridi ambayo sisi wa Runyenjes tukiisikia tunadhani tumeibiwa nguo. Upepo ulikuwa unatoka Kirimaara, yaani Mlima Kenya, moja kwa moja. Nilimfunga mama blanketi juu ya koti, nikampeleka kwa naibu wa chifu.

Alikuwa mtu mzuri, nawaambieni, na mimi ndiye niliyemwendea. Aliguswa sana na habari yetu. Alivaa kofia yake ya kazi, akachukua fimbo, na ili tusipotee akamwita mzee mmoja wa kamati ya ardhi ambaye, alisema, anajua mawe yote ya mipaka kutoka pale hadi msituni. Mimi nikaona mambo yamenyooka. Tukaenda wanne.

Baba Kendi alikuwa anachanja kuni uani. Alipoona ile kofia akaweka shoka chini. Mke wake alitoka jikoni akipangusa mikono, akatusalimia, "Muga!", akatutolea viti. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na niliona birika juu ya moto, linachemka.

Naibu wa chifu akasimama katikati ya ua kama mtu aliye kwenye baraza.

"Baba Kendi, nimekuletea wageni ya maana. Huyu shosho unamwona hapa ni mtoto wa Msumeno mwenyewe. Ile Msumeno ilikuwa na hii shamba yote, kutoka kwa mto mpaka barabara. Amekuja aonyeshwe baba yake alizikwa wapi."

Nilisikia maneno yale yakitoka, na hata sikushtuka. Nilishtuka nilipoona uso wa Baba Kendi. Jamani, sisi sote ni watu wa huku. Tunajua kaburi ni nini. Mahali baba yako alipozikwa hakuna anayeweza kukuambia huna haki napo. Kesi ngapi za mashamba tumeziona zikiamuliwa kwa kuonyesha kaburi? Nami nilikuwa nimemwingilia mtu uani na mtoto wa mwenye shamba, serikali, na mjuzi wa mipaka.

"Kaburi?" akasema Baba Kendi. "Hapa hakuna kaburi. Mimi nimelima hapa tangu niko mtoto. Sijaona hata mfupa ya kuku."

"Kuna jiwe," mama akasema polepole. "Lina maandishi. Karibu na kijito."

"Mawe iko mingi, shosho. Maandishi sijaona."

Mke wake alitupa macho kule chini, kisha akayarudisha haraka miguuni pake. Mama akaomba ashuke mpaka kijitoni anawe mikono tu. Baba Kendi akasema kuna matope, ataanguka. Naibu wa chifu akakohoa, akasema kama hakuna basi hakuna, wazee wa zamani walizikwa popote. Tukaagana. Birika lilikuwa bado linachemka.

Garini nilijaribu kumfariji. Nikamwambia pengine Cucu Ngithi alichanganya, ni mzee sana.

"Lipo," mama akasema.

"Umejuaje?"

"Mtu asiye na kaburi angetupatia chai."

Nilitaka kurudi saa hiyohiyo peke yangu, nipige magoti mbele ya yule mwanamume nimwambie hatutaki hata konzi moja ya udongo. Lakini mama alikuwa anapumua kwa shida, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Nikampeleka nyumbani. Nilijiambia tutarudi wiki ijayo.

Runyenjes, kungoja

Haikuwa wiki ijayo. Kifua kilimlaza. Kisha mvua ikaanza, barabara zikaharibika, kisha shule zikafunguliwa nami nikawa na sare za kushona. Kila asubuhi mama aliuliza, "Leo?" nami nikasema, "Ukipona." Nilikuwa na namba ya Mzee Abdi, lakini ya Baba Kendi sikuwa nayo. Ningeweza kumtuma Mzee Abdi aende akaseme kwa niaba yetu. Niliona haya, kwa sababu alikuwa ameniambia na sikusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nanyi mtaona guu lililovunjika hapa halikuwa langu.

Mvua ilipokuwa imekwisha Mzee Abdi mwenyewe akapiga simu. Mke wa Baba Kendi alikuwa ameulizia gari lililotuleta mpaka akafika ofisini kwake. Aliuliza kama anawajua wale watu wa shosho mweupe. "Amesema mje," Mzee Abdi akaniambia. "Amesema, lakini waje wawili."

Kiirua, mara ya pili

Mama Kendi alitungoja barabarani. Alimshika mama mkono kutoka garini na hakumwachia mpaka ndani. Nilikuwa nimebeba sukari, majani ya chai na leso mpya, akavipokea kwa mikono miwili bila kutazama. Chai ilimiminwa kabla hatujaketi. Tulikuwa katika chumba kipya, wamekiongeza ubavuni mwa nyumba, na sakafu ya saruji ilikuwa bado inanukia upya.

Baba Kendi aliingia na buti za shambani, akavua kofia. Tulimkaribisha kiti, nyumbani kwake mwenyewe, akakataa kukaa.

"Shosho," akasema, "mimi si mtu mbaya."

"Najua, mwanangu."

"Hapana, ngoja niseme. Mlikuja na serikali. Mkakuja na ule mzee ya mipaka. Hii shamba baba yangu alipewa wakati ya kugawa, na akakufa kabla apate title. Mpaka wa leo nikiuliza, naambiwa faili haionekani. Sina karatasi. Ndio nikajiambia, huyu akionyeshwa kaburi leo, kesho anakuja na wakili. Watoto wangu wataenda wapi?"

"Kwa hivyo ulifanya nini?" mama akauliza.

Alijibu akitazama chini. "Si mnaikanyaga. Hiyo jiwe tuliponda kwa nyundo, tukachanganya na kokoto. Iko hapa chini ya simiti. Na pale kwa kaburi nikapitisha trekta, nikapanda waru."

Mimi nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini, labda kupiga kelele. Mama alinivuta sketi nikaketi. Kisha akainama, taratibu kwa sababu ya kifua, akavua viatu vyake, akaviweka pembeni. Miguu yake mitupu ikakaa juu ya ile saruji. Mama Kendi alianza kulia bila sauti.

"Lilikuwa limeandikwa nani?" mama akauliza.

"Sijui."

"Hujui kusoma?"

"Kusoma najua. Lakini hiyo jiwe sisi tulikuwa tunanolea panga, tangu wakati ya baba. Ile upande ya maandishi ndio ilikuwa laini, panga inashika makali. Mimi nikianza kujua kusoma, ilikuwa imebaki tu msalaba."

Kwa hiyo jina lilikuwa limekwisha kuondoka zamani sana, kidogo kidogo, kila msimu wa kufyeka. Hilo hatungeliwahi. Lakini jiwe lilikuwapo siku ile tuliyokuja. Lilikuwa limelala pale chini, hatua chache kutoka pale mama alipokatazwa kunawa mikono, na mkono wa mama yake ulikuwa umelishika. Kama ningefika na sukari badala ya serikali, lingekuwapo hata leo. Nimelipindua jambo hili kila upande na sijapata upande usioniuma.

"Ungeniuliza," mama alimwambia yule mwanamume, bila hasira. "Mimi shamba linanifaa nini? Kitanda kinanitosha. Nilikuja kumwamkia baba tu."

Baba Kendi akasema, "Ndio hiyo mke yangu ananiambia tangu siku hiyo. Hatujalala vizuri hii nyumba."

Tukashuka mpaka shambani. Waru, yaani viazi, zilikuwa zimekomaa, majani yameanza kukauka, na kijito kilikuwa kinapita chini, kimejaa. Mama akauliza ni wapi hasa. Baba Kendi akanyoosha mkono, "Ni hapa." Mama Kendi akasema hapana, ni kule juu kidogo, kulikuwa na kisiki. Mumewe akasema kisiki kilikuwa upande huu. Wakaanza kubishana kwa Kimeru, kila mmoja akipima kwa miguu yake, mpaka wakaona haya wakanyamaza wote wawili. Trekta haikuacha alama.

"Basi, wacheni," mama akasema.

Aliingia peke yake katikati ya matuta. Alikuwa bado miguu mitupu. Akasimama akielekea kijito, akasema kwa Kiembu, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, "Baba, ni mimi Rwamba, wa Igoki." Akangoja. Kisha akageuka kuelekea mlimani, akasema vilevile. Akageuka kuelekea barabarani, akasema. Akageuka kuelekea nyumba yenye jiwe, akasema. Hakujua amwite nani na hakujua aelekee wapi, kwa hiyo aliamkia kila upande. Sisi watatu tulisimama ukingoni, na Baba Kendi alikuwa ameishika kofia yake kifuani.

Tulipokuwa tunaondoka alikimbia na jembe. Alichimba pale pale katikati, haraka haraka, akajaza gunia, akalibeba begani mpaka garini. Nilitaka kukataa. Nawezaje kubeba waru zilizotoka hapo? Lakini mama alishatoa mikono miwili.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Na hiyo title uitafute. Usichoke."

Nyumbani

Tulifika jioni. Nilimwambia apumzike, nitapika wali. Akasema hapana, akavuta kigoda, akafungua gunia, akaanza kumenya waru yeye mwenyewe, akizisugua udongo kwa kidole gumba. Alizichemsha kwa maji na chumvi kidogo tu ya daktari. Hakuweka kitunguu wala mafuta.

Alinipakulia, akajipakulia. Mimi nikashika sahani na sikuweza. Nilikuwa naona trekta, naona nyundo, najiona mimi nikimfungulia naibu wa chifu mlango wa gari. Nikamwambia, "Mama, siwezi kula hizi. Unajua zimeota wapi."

"Najua," akasema, akiwa na waru mdomoni. "Ndiyo maana nakula. Hakuniachia kitu kingine."

Akasogeza kigoda chake karibu na changu, akaninyooshea kipande kwa mkono, namna alivyokuwa akinilisha nilipokuwa mtoto. Nikafungua kinywa. Ilikuwa imeiva vizuri, laini, tamu. Mama alinitazama mpaka nikameza.